Wazee wanaume makaoni Tanga: zaidi ya redio na kiti, tuwafanyie nini?

MhudumuZamu

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo kwa wanaoijua kazi hii ya kutunza wazee.

Makao yapo Tanga mjini. Upande wa wanaume wapo 16, mdogo ana miaka 66, mkubwa anakaribia 90. Wanne kumbukumbu imepungua sana, na mmoja kati yao kila anachoshika anapeleka mdomoni. Watatu macho mabovu, mmoja wao haoni kabisa. Masikio mazito ni karibu nusu. Wawili walipata kiharusi, mkono mmoja haufanyi kazi. Wenye kisukari ni wanne.

Kwa kina mama hakuna shida. Ukitandika jamvi ukaweka ukili au sinia la mchele wa kuchambua, stori zinaanza zenyewe mpaka adhuhuri. Wanaume ukitangaza kuna shughuli ukumbini wanakuja wawili, na hao wawili wamekuja kwa adabu tu. Waliobaki kila mtu na kiti chake, wanasubiri chai, kisha wanasubiri wali. Kuna boksi la msaada lenye mipira ya rangi, mafumbo ya plastiki ya watoto na vitabu vya kupaka rangi. Lilifunguliwa, likafungwa.

Nahitaji vitu vya kuamsha hisia (harufu, mguso, sauti, ladha) na vya kuwakutanisha waongee. Bajeti ni kama shilingi 60,000 kwa mwezi, wahudumu wawili kwa zamu. Tafadhali mtu aandike kwa vipimo, asiniambie "wape upendo". Upendo upo.

NesiRaskazone

Mleta mada, tatizo linaanzia kwenye kuwaita. Mwanaume wa rika hilo hajazoea kuitwa akae duara achezeshwe. Amezoea kupita mahali akakuta jambo linaendelea, akasimama, akalitoa kasoro, halafu akavuta kigoda. Kwa hiyo usitangaze kitu. Anzisha jambo nje, barazani au chini ya mwembe, kwenye njia yao ya kwenda msalani au msikitini, saa ileile kila siku. Wakosoaji ndio wateja wako wa kwanza, usiwakasirikie.

Kabla hujanunua chochote chukua daftari, ukurasa mmoja kwa kila mzee. Andika mikono yake ilifanya kazi gani maishani, mkono upi una nguvu sasa, sikio lipi linasikia, anaona umbali gani, na anameza vipi. Hilo la kumeza watu wanaliruka. Mzee anayekohoa akinywa maji asipewe karanga, kashata wala bisi mpaka daktari amwangalie.

Macho: jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mpaka ndani karibu theluthi moja tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Ukumbi unaoonekana kwako una mwanga wa kutosha, kwake ni magharibi. Kaeni nje kivulini, mwanga utoke nyuma yao au ubavuni. Usiwakalishe wakitazama baharini au ukuta mweupe uliopigwa na jua, mng'ao unawatesa sana wenye mtoto wa jicho. Kitu cheupe kiweke juu ya kitambaa cheusi, cheusi juu ya cheupe. Meza yenye kitambaa cha maua maua itoe kabisa.

Masikio: uzee huchukua kwanza sauti nyembamba, yaani s, sh, f, t. Anasikia kwamba unaongea ila maneno hayajitengi. Ukipayuka, sauti yako inapanda na kuwa nyembamba zaidi, basi umezidisha tatizo. Shusha sauti iwe nzito, ongea taratibu, kaa mbele yake aone midomo. Redio izimwe watu wakiongea. Na kabla ya kumwandika mtu kiziwi, mpeleke zahanati waangalie nta. Mara nyingi "uziwi" wa makaoni huwa umelala pale, na dawa yake si njiti ya kiberiti.

Kundi lisizidi watu 5 hadi 7, dakika 45 zinatosha. Kwa wale wanne wa kumbukumbu, upo utaratibu uliobuniwa Uingereza na kufanyiwa majaribio hapa kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro: vipindi 14, mara mbili kwa wiki, wiki saba. Kila kipindi kina mada yake, chakula, sauti, utoto, matumizi ya pesa na kadhalika. Hata usipoufuata wote, chukua kanuni yake moja: usimuulize mzee swali lenye jibu moja, muulize anaonaje. Ukimshikisha mdalasini ukasema "hii inaitwaje?" umempa mtihani, na akishindwa mbele ya wenzake kesho haji. Mpe mdalasini mkono huu na karafuu mkono ule, anuse, kisha: "Mzee wangu, pilau ya harusi ungetia ipi zaidi?" Hapo hakuna anayeshindwa, na jirani yake lazima abishe.

Shikamoo ni kwa kila mmoja, kwa jina lake. Kuwasalimia kumi kwa mkupuo ni kama hujasalimia.

KahawaChungu

Anza na kahawa. Sisemi kikombe cha kahawa, nasema ile kazi nzima kuanzia buni mbichi. Hakuna kifaa cha duka kitakachokupa harufu, sauti, joto, ladha na ubishi kwa pamoja kama hiki, na kila mzee ana sehemu yake.

Unahitaji jiko la mkaa, kikaango kipana cha chuma, mwiko mrefu, ungo, kinu na mchi, dele (kama huna, birika lolote lenye mdomo mrefu), na vikombe vidogo vya kahawa. Buni mbichi robo kilo inatosha karibu mara tatu.

Moto uwe wa mkaa ulioanza kuvaa majivu. Mimina buni isizidi tabaka mbili za punje, koroga bila kupumzika. Dakika nne au tano za kwanza harufu ni ya majani mabichi, wengine wataguna kwamba kahawa mbovu. Ikigeuka njano harufu inakuwa ya mkate. Kwenye dakika ya 10 hadi 12 punje zinaanza kupasuka kwa sauti. Hapa ndipo mzee asiyeona anapewa cheo: yeye asikilize, mipasuko ikikaribia kukoma aseme "ipua". Mwenye macho anapotezwa na moshi, anayesikiliza hapotei. Ikisemwa ipua, mimina kwenye ungo papo hapo, kwa sababu chuma kinaendelea kupika hata nje ya moto. Pepeta, maganda yapeperuke, na ungo uzungushwe kila mtu anuse ikiwa bado ya moto.

Makosa mawili ya kawaida. Moto mkali: nje inaungua, ndani inabaki mbichi, ukinywa inakwaruza koo wala haina harufu. La pili ni kutwanga ikiwa bado moto, inatoa mafuta na kugandamana kwenye kinu. Iache ipoe walau nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo ya stori.

Aliyepooza mkono mmoja mpe kinu kidogo cha viungo, ukiweke juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji kisiteleze. Atwange iliki 8 na kipande cha tangawizi kavu cha ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Kinu kikubwa waachie wenye mikono miwili, na mchi ubadilishwe mkono kila baada ya muda mfupi, mabega ya umri huo hayataki sifa.

Maji lita 2, yakichemka tia vijiko 8 vya chakula vilivyojaa, punguza moto, dakika 10. Epua, acha dakika 5 machicha yakae chini. Kipande cha usumba (nyuzi za kumbi la nazi) safi mdomoni mwa dele kinazuia yaliyobaki. Inatoka zaidi ya vikombe 25 vidogo, watu 12 wanapata viwili viwili.

Na badala ya kutangaza, gonganisha vikombe mkononi kama wauza kahawa wa mtaani wanavyofanya. Wazee wa Tanga hawahitaji tangazo jingine.

Fanya saa nne asubuhi. Kahawa ya baada ya alasiri inakesha na mzee, halafu anayesumbuka usiku ni wewe wa zamu. Mwezi wa Ramadhani hamishia baada ya futari kwa nusu ya kipimo, uongeze tangawizi. Wasiofunga wapate yao mchana, pembeni. Wenye kisukari kashata waiache, tende moja inatosha, na nimesema moja.

Hatari ziko tatu. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha, hewa yake inaua bila harufu. Mwenye pumu akae upande upepo unakotoka. Na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikae karibu na jiko, anaweza kuungua mguu na asijue mpaka jioni unapomvua viatu.

FundiMbaoPangani

Kahawa imejibiwa, mimi naleta bao na dhumna, maana vikombe vikishakaa mezani mikono inatafuta kazi.

Ubao wa bao wa dukani mashimo yake ni madogo kwa vidole vyenye baridi yabisi. Mwambie fundi akuchongee wa sm 75 kwa 38, unene sm 5, mashimo 32 (safu nne, nane kila safu), kipenyo sm 7, kina sm 3. Mti wa mwembe unatosha, ni rahisi kuchonga na bei yake nafuu kuliko mninga, ila lazima uwe umekauka. Mbichi utapasuka kuanzia kwenye shimo la mwisho kabla mwezi haujaisha. Msasa namba 80, kisha 120, halafu vanishi isiyong'aa. Ukipaka ya kung'aa, mwenye mtoto wa jicho ataona taa badala ya mashimo.

Nyumba, yaani lile shimo kuu la kila mchezaji, ichongwe ya pembe nne kama desturi, maana hata asiyeona akipitisha kidole anajua yuko wapi. Katikati, kati ya upande wake na wa mpinzani, gundisha ukanda mwembamba wa mpira wa tairi. Kwa hivyo viwili kipofu anacheza bila kushikwa mkono. Komwe, zile mbegu ambazo ndizo kete, zinagonga mbao kwa sauti, na fundi mzuri huhesabu kwa sikio na vidole.

Kete ni 64, nunua 70. Zihesabiwe kila mchezo ukiisha, kwanza kwa sababu hupotea, pili kwa ajili ya yule anayepeleka vitu mdomoni. Komwe moja kooni ni msiba. Huyo asikae kwenye bao hata kama mtazamaji bila mhudumu ubavuni.

Wajuzi wacheze bao la kiswahili lenyewe: 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, 22 zibaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa mchezoni moja moja. Kumbukumbu iliyochoka inachanganyikiwa na zile za mkononi, basi hao wacheze la kujifunza, kete 2 kila shimo na hakuna akiba. Lakini usimkalishe bingwa kwenye la kujifunza, ni kumtukana. Na vijana wa kujitolea wakija, waambie wasiwaachie wazee washinde. Wanagundua kwenye zamu ya pili.

Weka benchi mbili za watazamaji. Bao bila watu wa kusema "aa, hapo umechoma" halinogi, na mzee ambaye hataki kucheza atakaa hapo saa nzima akiwa kocha. Huyo naye umempata.

Dhumna: vipande 28 vya sm 8 kwa 4, unene sm 1.5, kwa mabaki ya mtiki. Ukiwa na jamaa Muheza karibu na msitu wa Longuza unaweza kuyapata kwa bei ya kuni. Nukta zisichorwe, zitobolewe kwa keekee ya mm 8, kina mm 3, ndani rangi nyeusi. Jicho linaona, kidole kinasoma. Ukimaliza hesabu nukta zote, lazima ziwe 168, zikipungua kuna kipande umekosea. Kwa wale wa mkono mmoja chonga kishikio: mbao ya sm 35 yenye mfereji wa mm 17 ulioinama kidogo kwa nyuma, vipande saba vinasimama vyenyewe. Meza iwe mbao tupu. Mtu asikudanganye uweke kitambaa kupunguza kelele, dhumna isiyopigwa kwa kishindo ni hesabu za shule.

MgosiWaMakorora

Fundi umesema vyema, ila si wagosi (wanaume wa hapa Tanga) wote ni watu wa bao. Wapo wa drafti, wapo wa karata. Kwenye karata uliza kwanza, kuna wazee hawazitaki kwa sababu ya dini hata bila pesa, na ukizimwaga mezani wanaondoka kimya kimya usijue kwa nini. Pesa isiingie kwenye mchezo wowote. Anayefungwa amimine kahawa.

Redio msiitupe yote. Nyimbo zinazomkaa mtu mpaka mwisho ni za ujana wake, tuseme miaka 15 hadi 25. Mzee wa miaka 80 leo hiyo ni miaka ya 1960, na hapa Tanga hiyo ndiyo enzi ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Weka kwenye simu, spika ndogo yenye besi, dakika 20, kisha zima. Ikipigwa mchana kutwa inakuwa kelele. Mpira nao: mtu akitaja Coastal Union kuwa bingwa 1988, wa African Sports hanyamazi, huna haja ya kuongoza maongezi. Kazi yako ni kuhakikisha asiyesikia vizuri amekaa katikati, si pembeni.

Jambo ambalo hamjaligusa ni ndevu. Wanaume hawa hakuna anayewagusa isipokuwa kwa dawa na kuogeshwa. Weka kinyozi Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, nje, kiti chenye mgongo. Taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, liweke ndani ya kifundo cha mkono wako uhesabu mpaka tano. Likikuuma wewe, ngozi yake itababuka, maana ngozi ya uzee ni nyembamba na inachelewa kuhisi. Likiwa sawa, mashavuni dakika mbili. Povu kwa brashi, si kwa kiganja, brashi peke yake inaamsha. Wembe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele ya macho yake, uliotumika uende kwenye boksi gumu. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu anyolewe kwa mashine. Asiyeona umwambie kila hatua kabla hujamgusa: "sasa shingoni". Kioo usimwinulie mwenye kumbukumbu iliyopotea bila kumpima kwanza. Wengine humwona mzee mgeni mle ndani wakashtuka.

Wanaopenda hina ya ndevu: vijiko 3 vya unga wa hina, chai ya rangi iliyopoa na limau nusu, uwe uji mzito, kaa saa mbili, osha. Kidogo kipakwe ndani ya mkono siku moja kabla kuona kama kunawasha. Piko nyeusi ya kopo usiiguse, inababua watu vibaya. Saa mbili za kusubiri hina ikauke, wote wameketi nyuso za kijani, wanachekana. Hiyo ndiyo sehemu bora.

MhudumuZamu

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Naongeza swali. Karibu nusu ya wazee hawa si watu wa pwani kwa asili. Walikuja kama manamba kwenye mashamba ya mkonge, wengine kutoka Kigoma, wengine Msumbiji, na hawakurudi. Bao hawajui, bahari hawaijui. Na yule wa kupeleka vitu mdomoni bado hajapata fungu lake.

UstawiMstaafu

Hapo umegusa penyewe. Makao mengi ya Tanga yana wanaume hao, na wanachukuliwa kama Waswahili wa Ngamiani kwa kuwa wanazungumza Kiswahili cha hapa. Wao harufu yao si iliki, ni katani. Kwa hiyo leta katani.

Nunua singa (nyuzi za katani) kilo moja, zilizokwisha kupigwa brashi. Zinyunyizie maji kidogo zisitoe vumbi, zikiwa kavu zinakohoza. Usiwafundishe kitu, ziweke tu mezani na kamba iliyoanzwa. Mwenye kujua mikono yake itaenda yenyewe, hata kama asubuhi hiyo hakumbuki jina la chumba chake. Ujuzi wa mikono hukaa sehemu nyingine ya ubongo kuliko majina na tarehe, na ndio huchelewa kuondoka.

Kwa wasiojua, namna ni hii. Chukua nyuzi kama 20, zikunje lakini si katikati, upande mmoja uwe mrefu kwa shubiri, ili viungo visikutane mahali pamoja. Kila uzi mkubwa (yaani kila upande wa mkunjo) unasokotwa kwenda kulia, kisha viwili vinapishanwa kwenda kushoto. Misokoto inapingana, ndiyo maana kamba haifumuki. Ukizungusha vyote upande mmoja, ukiachia tu imefumuka. Nyuzi mpya ziingie kabla uzi haujawa mwembamba, ikibaki shubiri moja. Ukingoja uishe, kamba itakatikia hapo hapo.

Wasisokotee kwenye paja tupu kama zamani, ngozi yao itachubuka na kidonda cha mwenye kisukari kinakaa miezi. Suruali nzito, au kipande cha gunia juu ya goti. Vizuri zaidi wafanye wawili wawili: mmoja anasokota kwa kijiti chenye ndoano, mwingine anashika mwisho akivuta. Anayevuta anaweza kuwa yule wa mkono mmoja. Wakiwa wawili kwenye kamba moja hawana budi kuongea, kwa sababu mmoja akilegeza mwingine anamwambia.

Kamba iwe na kazi. Za kuanikia nguo, za kufungia mbuzi wa makao, nyingine iuzwe sokoni na hela inunue buni. Nimeona mahali inafumuliwa usiku ili kesho waanze upya. Msifanye hivyo kamwe, wanajua, na kuna siku hawatashika tena.

Maongezi ya shamba yaelekeze kwenye kazi: kisu kilinolewa vipi, nani alikuwa mnyapara, korona (mashine ya kuchakata mkonge) ilinguruma saa ngapi asubuhi. Usimuulize kwa nini hakurudi kwao. Ukiona mikono imesimama na macho yameshuka, mpe singa nyingine, badili mada. Na jambo moja: kumbukumbu ikipungua, Kiswahili alichojifunza ukubwani kinaweza kutangulia kuondoka, anabaki na Kiha au Kimakonde cha mama yake. Wahudumu wanaandika "haongei". Tafuta mwanafunzi wa chuo au askari wa lugha hiyo aje Jumamosi moja amsalimie tu. Salamu ikijibiwa, andika kwenye lile daftari la Nesi, ujifunze maneno kumi: njoo, maji, unaumwa wapi, asante, na mengine ya kila siku.

NesiRaskazone

Nikamilishe la yule wa mdomoni. Singa asipewe, nyuzi zinachomoka na kumezwa. Chukua kikoi cha zamani cha pamba, kikate vipande vitatu kwa urefu, suka, kisha piga fundo nene kila mwisho, kubwa kuliko ngumi yake. Ndio kipimo: lisiingie mdomoni hata akijitahidi. Kati ya mafundo sm 25 hadi 30, si zaidi, isije ikazunguka shingo. Pasiwe na kifungo, shanga wala matamvua, yale ya pembeni ya kikoi yakate na upinde ushone. Akae benchi la watu wa kamba, avute na kufinya wakati wenzake wanasokota. Kwa macho yake na yao, yuko kazini.

Atakitafuna, basi kifuliwe kila siku kwa sabuni ya kipande, kisuuzwe sana na kianikwe juani. Tengeneza viwili ili kimoja kikiwa kwenye kamba ya nguo kingine kiwe mkononi. Ukimnyang'anya siku ya kufua bila kumpa cha pili, ataanza kutafuna kola ya shati. Mshono ukianza kuachia usishone juu yake, kata kikoi kingine.

MhudumuZamu

Vikoi viwili vipo stoo. Fundi, ule ubao wa sm 75 unaingia kwenye bajaji kutoka Pangani au niuchonge hapa hapa?

FundiMbaoPangani

Chonga hapo hapo, nauli itazidi mbao. Nenda na karatasi ya vipimo, na umwambie fundi achonge mashimo kwa tezo ndogo kisha patasi ya duara. Akitumia mashine ya kutoboa atakuachia sakafu bapa yenye kona, na kete zinakwama pale vidole visipofika.